Kivuli cha Kitanda cha Tatu

Jumanne, saa nne na robo asubuhi, Likwata aliruhusiwa kutoka hospitali. Alivalishwa shati lake la kijani, ambalo mkewe alikuwa amelifua mara tatu bila kuvaliwa, akapewa karatasi ya ruhusa, mfuko wa dawa na daftari nene lenye jalada jekundu. Akatoka nje kwa miguu yake mwenyewe, fimbo mkononi, mkewe Kidawa nyuma yake na beseni kichwani lenye sufuria, sahani mbili na shuka.

Dereva wa bajaji alikuwa akiwasubiri getini awapeleke stendi.

"Shikamoo mama. Mzigo wote umetimia?"

"Marahaba mwanangu. Umetimia."

"Mbona kivuli cha mzee sikioni?"

Kidawa akaangalia chini. Jua lilikuwa kali. Kivuli chake kilikuwepo, na beseni juu yake. Cha bajaji kilikuwepo, hata cha fimbo kilikuwepo. Miguuni pa mumewe palikuwa na mchanga mtupu.

"Ngoja kidogo," akasema. Akatua beseni, akarudi wodini.

Alikikuta chumba cha mahututi, kitanda cha tatu, kimelala chali kama kilivyolala siku zote kumi na moja. Shuka lilikuwa limeshabadilishwa. Sista Romana, nesi wa zamu, alikuwa akichomeka pembe zake chini ya godoro, akipitisha mikono juu ya kivuli bila kukigusa, kama mtu anayetandika kitanda chenye mtoto aliyelala.

"Kimebaki," Kidawa akasema.

"Wengi wa mashine wanaviacha. Ukikivuta hakiji, utakichosha bure. Daftari unalo?"

"Ninalo."

"Basi sikiliza, Mama Sada. Zile siku kumi na moja tulimlaza mumeo kwa dawa, hakuziishi yeye. Aliyeziishi ni huyu hapa. Sasa mwenyewe ana shimo, na kivuli ndicho chenye siku. Msomee. Siku moja kwa siku moja, usiruke. Akizipokea zote, kitamfuata."

Madaftari yale yalikuwa ya Sista Romana. Hakuna ofisi iliyomtuma. Aliisikia habari hiyo kwenye semina, akaanza na madaftari ya wanawe yaliyobakiwa na kurasa. Kila zamu alimwandikia kila mgonjwa mistari michache, kama anayemwandikia mtu aliyesafiri: leo umefanyiwa hivi, leo amekuja fulani, leo mvua imenyesha. Ndugu nao waliruhusiwa kuandika. Wengi waliandika salamu na dua. Wachache waliandika madai.

Alasiri ile ile mgonjwa mpya, Mzee Ismael, alilazwa juu ya kivuli cha Likwata. Alilalamika kidogo kwamba godoro linanuka salfa. Akaambiwa ni la mkulima wa korosho, akalala.

Ni kweli, salfa na wenzake ndio waliomfikisha Likwata pale. Alipulizia mikorosho yake kule Kitomanga bila kuziba pua, upepo ukiwa usoni, kwa dawa ya wadudu ambayo kibandiko chake kiliandikwa kwa lugha isiyosomwa na mtu yeyote kati ya Kitomanga na Kinjumbi. Jioni mate yakamjaa, kifua kikabana. Akafikishwa hospitali akiwa wa bluu.

Kidawa alikuwa na kumbukumbu ya aina inayowachosha viongozi. Alikumbuka jiwe la msingi la chumba kile cha mahututi, nani aliliweka na alivaa miwani gani. Alikumbuka mwaka ambao barabara iliahidiwa mara ya kwanza, mara ya pili na mara ya tatu. Mikutano yote mitatu alihudhuria na mtoto mgongoni, na kila mkutano ulikuwa na mtoto wake. Kusoma alijifunza ukubwani, kwa vipande vya magazeti vilivyofungiwa vitumbua, kwa hiyo habari alizozijua zilikuwa nusu nusu na zenye mafuta. Lakini zilizomwingia hazikutoka.

Walipofika nyumbani Likwata hakuingia ndani. Aliipita baraza, akaenda kwenye ghala la korosho, akatandika gunia.

"Baba Sada, kitanda nimekitandika," Kidawa akamwambia.

"Mtandikie aliyekuchukua."

"Nani amenichukua?"

"Sixbert."

Alilisema jina hilo kwa utulivu, kama anayetaja mti. Kisha akaeleza, kwa sauti ileile, yale aliyokuwa nayo kichwani. Alikufa. Alijua alikufa kwa sababu alifungwa mikono kama maiti, na kwa sababu alimsikia Sixbert akimlilia. Sixbert alikuwa Mmakonde, fundi baiskeli wa kule mjini, mtani wa ukoo wao wa Kimwera tangu babu zao. Na kila mtu anajua kwamba mtani huja mgonjwa akiugua, akasalimia kwa adabu, akaondoka. Yale mengine, ya kujitupa chini, ya kumwigiza marehemu na kudai urithi, mtani huyafanya siku ya msiba, maiti ikiwepo. Likwata aliyasikia yote. Alimsikia Sixbert akisema, "Huyu amekwenda, mke ni wangu kuanzia leo." Akamsikia na mkewe.

"Mimi nilisema nini?"

"Hukusema. Ulicheka."

Kidawa alikuwa amecheka kweli.

"Miaka thelathini na moja," Likwata akasema. "Maiti haijapoa, unacheka. Ijumaa ya wiki ijayo, baada ya swala, nitawaita wazee. Nitakupa talaka yako mbele ya mashahidi, uende kwa heshima."

Hakula ugali alioletewa. Kuku ndio walioula.

Jambo lililombana Likwata akubali kusomewa lilikuwa Alasiri. Shambani hakuwahi kubeba saa. Miaka yote alisimama penye uwazi kati ya mikorosho, akakipima kivuli chake kwa nyayo, akajua wakati umeingia. Jumatano alisimama pale pale, akaangalia chini, hakukuta cha kupima. Alisubiri. Alipoinua macho jua lilikuwa limeshazama kwenye vichaka na watu wanatoka kuswali Magharibi. Alhamisi asubuhi alimwita mkewe mlangoni mwa ghala.

"Soma," akasema, akamgeuzia mgongo. "Nasikiliza kwa ajili ya kivuli. Si kwa ajili yako."

Kidawa akasoma, kidole chini ya kila neno. "Siku yako ya kwanza. Jina langu Romana. Umefika saa mbili usiku, umechoka sana. Tumekulaza kwa dawa ili mashine ikusaidie kupumua. Mkeo yupo nje, anauliza kama una njaa."

Jioni Sista Romana akapiga simu. "Kimegeuza kichwa," akasema.

Ijumaa ilikuwa siku ya pili. "Leo tumekufunga mikono kwa bandeji laini, kwa sababu uliushika mpira wa kupumulia ukataka kuung'oa. Mkeo alilia akatuomba tukufungue. Tulikataa. Tusamehe, Mzee Likwata, tulikuwa hatuna namna."

Likwata alivitazama viganja vyake, akasugua kifundo kimoja cha mkono, kisha kingine. Siku hiyo ugali aliumega, na kuku walipata robo tatu.

Zikasomwa ya tatu, ya nne, ya tano. Siku ya tano ilikuwa na homa na picha ya jogoo aliyoichora nesi mwingine kwa sababu jogoo alikuwa ameingia wodini. Siku ya sita ilikuwa na mgeni mmoja tu: "Amekuja mtani wako Sixbert. Amesimama mlangoni, amevua kofia, amekusalimia kwa adabu, ameondoka."

"Hiyo sawa," Likwata akasema. "Hiyo ndiyo desturi."

Sista Romana alipiga simu kwamba kivuli kimeketi.

Jumatano Kidawa alifungua daftari kwenye siku ya saba, akakuta siku ya nane. Hakuwahi kutangulia kurasa. Anayejifunza kusoma ukubwani huenda mstari kwa mstari kama anayelima. Kati ya kurasa hizo mbili palikuwa na ukingo mwembamba wa karatasi, umenyooka, umechanwa kwa rula.

Likwata aligeuka, akauona ukingo ule. Ilikuwa mara ya kwanza kumtazama mkewe usoni tangu watoke hospitali.

"Siku ya saba," akasema. "Ndiyo yenyewe. Na umeichana."

"Si mimi."

"Keshokutwa Ijumaa, Mama Sada."

Alhamisi Kidawa alipanda gari la alfajiri. Saa tatu alikuwa wodini. Kivuli kilikuwa kimeketi kitandani, mgongo wima, Mzee Ismael amelala mapajani pake akikoroma. Sista Romana alimvuta Kidawa kwenye chumba cha kufulia.

"Walikuja wa ofisini kabla hamjaruhusiwa," akasema. "Walisikia kuna daftari linaloandika mambo. Wakapitia yote kwa rula mkononi, kistaarabu. Ukurasa wako upo kwenye faili, na faili lipo kabatini, na kabati lina funguo mbili."

"Niandikie mwingine."

"Nimepewa barua, dada yangu, ndiyo maana sikukuambia. Nikiandika siku ile tena, kesho sipo hapa. Na nisipokuwepo hapa, hawa watano unaowaona atawageuza nani ubavu?"

Kidawa hakumlaumu. Alimtazama miguu yake, iliyovimba kwenye viatu vyeupe.

"Ila," Sista Romana akasema, huku akikunja taulo, "aliyeishi siku ile si mimi peke yangu. Barua niliyopewa ina jina langu. La kwako halimo." Akatoa kalamu mfukoni, akaiacha juu ya ndoo, akatoka.

Kidawa hakuwahi kuandika kitu kirefu kuliko jina lake. Aliketi kwenye kiti cha plastiki kando ya kitanda cha tatu, daftari gotini, akaandika kuanzia saa tatu na nusu mpaka saa nane mchana. Alipokosa neno alikiangalia kivuli. Tangu siku ile vidole viwili vya mkono wa kulia wa Kidawa vilikuwa bado havikunjiki sawasawa, kwa hiyo herufi zilisimama kama mihogo iliyopandwa na mlevi. Lakini zilisimama.

Kisha akaenda kwa Sixbert. Alimkuta ameinamia gurudumu.

"Ulichokifanya kwa mtu mzima aliye hai kimeniharibia nyumba," akamwambia, akamweleza yote.

Sixbert alisikiliza, akajifuta grisi. "Wamwera bwana! Yaani mtu anakosea kufa, halafu lawama kwangu?"

"Sixbert."

"Nakuja, mke wangu, nakuja. Nina faini ya kulipa."

Ijumaa, saa mbili asubuhi, Sixbert aliingia uani Kitomanga na kuku kwapani. Likwata alikuwa ameketi mlangoni mwa ghala, kanzu imeshapigwa pasi kwa ajili ya swala na kwa ajili ya wazee.

"Hodi! Maiti ipo?"

Likwata hakuitika. Mtani hapigwi, hafukuzwi wala hanuniwi. Hilo ni sheria kuliko sheria. Lakini hakuna sheria inayosema lazima aitikiwe.

"Basi haipo, imekwenda kutembea," Sixbert akasema, akaketi. "Nimekuja kulipa. Nilikulilia kabla ya wakati. Ni kosa, nalijua, babu yangu angenichapa. Kuku huyu hapa. Sasa msikilize mkeo ndipo uamue kama yatosha au nilete na mwingine."

Kidawa akafungua daftari. Mwandiko wake mwenyewe ulimsumbua kuusoma kuliko wa nesi.

"Siku ya saba. Jumatano. Saa nane mchana umeme umekatika. Mashine yako imenyamaza. Sista amekimbilia jenereta. Jenereta lina utepe mwekundu. Dizeli halina. Wageni waliokuja kulizindua Jumatatu waliondoka nayo kwenye magari, kwa sababu wanakotoka ni mbali.

"Sista amekuchomekea mfuko wa mpira. Ameniambia, bana, hesabu tatu, bana. Wagonjwa ni watano na wa mashine ni wawili. Wewe una mimi. Wa kitanda cha kwanza ni Abilahi wa Likawage. Ameletwa na lori, hana ndugu. Sista amembania yeye. Kisha wa kitanda cha nne ametapika, sista amekwenda, amerudi, Abilahi amekwisha.

"Mimi nabana. Saa tisa vidole vimekataa. Sixbert amekuja na uji. Ameuweka chini akabana yeye. Tumepokezana. Alasiri imenipita sijaswali. Saa kumi na moja nimemwambia Sixbert, siwezi tena, tumwache aende. Nimesema hivyo. Naandika ili ujue nilisema."

Hapo Kidawa aliinua macho kutoka daftarini. Likwata alikuwa ameacha kumgeuzia mgongo.

"Endelea," akasema.

"Sixbert amenitazama. Kisha amejitupa sakafuni. Amekulilia. Ameiga unavyotembea, na unavyokohoa ukitaka chai. Amesema ninyi Wamwera hata kufa hamjui, mnaweka mguu mlangoni nusu siku nzima mnazuia watu. Amesema huyu amekwenda, mke ni wangu kuanzia leo, ila kwanza aache kunuka salfa. Nimecheka. Sikutaka. Nilipocheka mikono imerudi. Nimebana nikicheka, nimebana nikilia, na yeye hajanyamaza mpaka sauti imemkauka. Saa moja kasoro robo umeme umerudi. Sista ametutoa vidole kwenye mpira kimoja kimoja."

Ukurasa uliishia hapo. Kuku aliyefungwa miguu alijaribu kusimama, akaanguka.

"Ulisema mniache niende," Likwata akasema.

"Nilisema."

"Halafu?"

"Halafu nikacheka."

Likwata aliinama muda mrefu. Alikuwa mtu wa hesabu za shamba, na ilionekana anahesabu: pumzi za saa tano, tatu tatu. Alipomaliza aliinua kichwa.

"Ule uji," akamwambia Sixbert. "Aliunywa nani?"

"Niliunywa mimi. Kwani maiti inakunywa uji?"

Likwata akacheka. Kilikuwa kicheko kibovu, cha mtu ambaye koo lake lilikaa na mpira siku kumi na moja. Kilianza kama kikohozi, kikakwama, kikatoka. Kidawa aliposikia hivyo alikalia kinu kilichokuwa karibu.

"Mama Sada," Likwata akasema, "chakula kipo?"

Kilikuwepo kiporo cha ugali na kisamvu. Alikila chote, na kuku wakasimama mbali wakimtazama. Wazee walipokuja baada ya swala aliwaambia hakuna shauri, karibuni supu. Wakala kuku wa faini, wakasema alikuwa mgumu, wakaondoka.

Siku nne zilizobaki zilisomwa moja moja, ndani ya nyumba, kitandani, kwa kuwa hapakuwa tena na haja ya ghala. Jumanne iliyofuata, siku ya kumi na moja ilipokwisha kusomwa, Sista Romana alipiga simu. "Kimeshuka," akasema. "Hakikusaini karatasi ya ruhusa."

Kilikuja kwa miguu, kwa ukingo wa lami. Wachuuzi wa njiani walikiona kikipita na hawakukiuzia kitu. Wengine walikisalimia kwa sababu kilikuwa na mwendo wa mtu mzima. Jumatano Likwata alikuwa shambani, amesimama penye uwazi, kilipopenya kati ya mikorosho, kikamfikia, kikajilaza miguuni pake kuelekea mashariki. Likwata alikipima kwa nyayo. Akatawadha.

Baada ya miezi mitatu Likwata alitakiwa kurudi kuonyesha kifua. Kidawa alimsindikiza. Jenereta lilikuwa limezinduliwa tena wiki hiyo; utepe safari hii ulikuwa wa kijani, na wageni walikuwa wameshaondoka na magari yaliyoshiba. Kwenye mlango wa mahututi palikuwa na tangazo jipya lenye muhuri. Kidawa alilisoma kwa sauti, kidole chini ya kila neno: kila mgonjwa wa mashine aje na ndoo, shuka mbili, na ndugu wanne wenye mikono yenye nguvu.

"Wanne," Likwata akasema. "Mimi nilikuwa na mmoja na nusu."

Ndani, kitanda cha tano kilikuwa na dada wawili wakifundishwa kubana mfuko wa mpira mapema, umeme ukiwa bado upo. Mmoja aliuliza kama vidole huuma. Kidawa alimwambia huuma. Kisha akamuuliza kama wana mtani hapa mjini. Dada akasema yupo mmoja, mwenye maneno machafu.

"Mwiteni," Kidawa akasema.

Kitanda cha kwanza kilikuwa na blanketi mbili nzito, kwa agizo la ofisi, maana kwa shuka peke yake kivuli cha Abilahi wa Likawage kilikuwa kinaonekana wageni wanapopita. Mwenyewe alizikwa na hospitali siku nyingi. Hapakuwa na wa kusomewa, kwa hiyo kivuli hakikuwa na wa kumfuata. Wagonjwa walilazwa juu yake na hawakulalamika.

Sista Romana alikuwa ameketi pembeni pake, viatu amevivua, daftari la Abilahi gotini, kalamu mkononi. Barua ilimkataza siku ile moja; siku nyingine haikuzitaja. Kidawa alichungulia juu ya bega lake, akasoma mstari wa mwisho, wino ukiwa haujakauka:

"Siku yako ya tisini na nane. Leo kuna jua. Dizeli bado."